Kumsoma Thierry Escaich kuanzia miguuni

Wapiga kinanda wengi wanaofungua kitabu cha noti cha Thierry Escaich, mtunzi na mpiga kinanda cha mabomba wa Ufaransa, kwa mara ya kwanza hukwama ukurasa wa kwanza, tena hukwama mahali pasipostahili. Macho hukimbilia akodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Wanaona noti sita au saba zimebanana, shapu na flati zimejaa kila kona, basi wanaanza kutafuta jina la kila akodi. Kazi hiyo haiishi, na hata ukiimaliza bado hujui kuupiga wimbo wenyewe. Anza chini kabisa, kwenye mstari wa pedali, noti zinazopigwa kwa miguu. Soma besi peke yake, hesabu mapigo kwa sauti, kisha panda juu. Muziki wa Escaich umesimama juu ya vitu viwili: kikundi kidogo cha noti, tatu hadi tano, kinachogeuzwa huku na huku bila kuachwa, na mdundo usiolala. Ukishaishika besi, akodi nyingi hujieleza zenyewe.

Asili ya jambo hili iko katika maisha yake. Escaich alizaliwa tarehe 8 Mei 1965 Nogent-sur-Marne, mashariki mwa Paris, mji wa kando ya mto uliosifika zamani kwa kumbi za dansi, na katika utoto wake alipiga akodiani. Ala hiyo humfundisha mtoto mapema kwamba mkono wa kushoto ndio unaowashika wachezaji, na wa kulia unaimba juu yake. Ukisikiliza vipande vyake vya saksofoni nne, kama *Tango virtuoso* au *Le Bal*, utaisikia dansi waziwazi. Ukihamia kwenye kinanda cha kanisani, dansi ileile imo, ila imeshuka miguuni.

Baadaye alisoma Conservatoire ya Paris, chuo cha muziki, akatoka na tuzo nane za kwanza, na tangu 1992 amefundisha hapohapo utunzi na kubuni papo hapo. Mwaka 1996 aliingia kanisa la Saint-Étienne-du-Mont kama mpiga kinanda mkuu, akishirikiana na Vincent Warnier. Kiti hicho ndicho alichokalia Maurice Duruflé, mtunzi aliyejikosoa mno hata akaacha kazi chache sana zilizochapishwa. Escaich ni kinyume chake. Kazi zake zimepita mia: matamasha ya kinanda na okestra, nyimbo za kwaya, oratorio, baleti, opera. Mwaka 2013 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Académie des Beaux-Arts, akademia ya sanaa ya Ufaransa. Mwaka 2024 aliteuliwa kuwa mmoja wa wapiga kinanda wakuu wa kanisa kuu la Notre-Dame ya Paris, pamoja na Olivier Latry na Vincent Dubois.

Opera yake ya kwanza, *Claude*, ilioneshwa Lyon mwaka 2013. Maneno yaliandikwa na Robert Badinter, waziri wa sheria aliyesimamia kufutwa kwa adhabu ya kifo Ufaransa mwaka 1981, kutokana na hadithi ya Victor Hugo juu ya mfungwa Claude Gueux. Hugo amezikwa Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi watu mashuhuri wa Ufaransa, na Badinter naye aliingizwa humo kwa heshima ya taifa Oktoba 2025. Panthéon iko hatua chache tu kutoka mlango wa Saint-Étienne-du-Mont. Miongoni mwa zilizofuata ni *Shirine*, Lyon 2022, kwa maneno ya Atiq Rahimi. Anayetaka kumwelewa kama mtunzi wa jukwaa aanze na hizo mbili. Mimi nabaki kwenye kinanda, kwa sababu huko ndiko mbinu zake zinakoonekana zikiwa uchi.

Chukua *Évocation II* ya 1996. Chini kuna besi inayopiga na kurudia karibu bila kukoma, na juu yake vinaingia vipande vya wimbo, vinakatika, vinarudi vikiwa vimenenepa. Kila anayejifunza kipande hiki huangushwa na jambo lilelile: mguu. Noti moja inayorudiwa haraka kwenye pedali ikipigwa kwa nguvu ya paja huchosha ndani ya dakika moja. Mfupa wa mguu unauma na mdundo unaanza kukimbia, kwa sababu mwili unataka umalize haraka upumzike. Mwendo utoke kwenye kifundo cha mguu. Paja litulie, ncha ya kiatu ikae karibu na pedali, na isipande zaidi ya inavyohitajika ili pedali irudi juu. Viatu viwe na soli nyembamba ya ngozi na kisigino cha sentimita mbili na nusu au tatu. Raba huganda kwenye mbao, na soli nene haikuruhusu kuhisi pedali imefika wapi. Benchi likiwa juu mno utaning'inia kwa mikono. Likiwa chini mno magoti yatapanda na kifundo kitakakamaa.

Pia kuna urefu wa noti. Katika mafunzo ya Kifaransa, noti inayorudiwa haiachwi kwa kubahatisha: inakatwa kwa kipimo kinachojulikana, mara nyingi nusu ya thamani yake. Noti ya robo inakuwa noti ya nusu-pigo na kimya cha nusu-pigo. Kimya hicho kikipungua, kanisa kubwa linakijaza kwa mwangwi, na besi inageuka mngurumo mmoja usio na mdundo. Kikizidi, watu wanasikia nyundo. Fanya mazoezi kwa stopu (kundi la mabomba ya sauti ya aina moja) moja tu ya futi 8, bila zile za sauti nzito zaidi za futi 16 wala 32, mpaka vimya vyote viwe sawa. Stopu nzito za chini huficha uzembe.

Mdundo wenyewe mara nyingi hauko sawasawa. Utakutana na vikundi vya noti fupi kama 3+3+2, au 2+2+3, vikibadilika kila baada ya vipimo vichache. Anayehesabu "moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba" hupotea, kwa sababu macho yanabaki kwenye namba. Hesabu vikundi: "ta-ka, ta-ka, ta-ki-ta". Piga kofi kwenye silabi ya kwanza ya kila kikundi, mguu uende na noti zote. Ukiweza hivyo kwa metronomu ya 60 (mapigo 60 kwa dakika), ongeza 4, kisha 4 tena. Ukishindwa, rudi nyuma 8, si 4. Aliyekua akisikia ngoma za 6/8, ambamo mbili na tatu hukimbizana, ana mtaji mkubwa hapa, na inashangaza jinsi watu wanavyouacha mtaji huo mlangoni wakifika kwenye muziki wa Ulaya.

Sasa tuje kwenye kubuni papo hapo, kwa kuwa kwa maoni yangu Escaich mtunzi hatenganishwi na Escaich anayebuni kinandani. Amebuni muziki wa filamu za kimya kama *Metropolis* na *Phantom of the Opera*, akikaa mbele ya skrini bila noti. Huko hakuna muda wa kutafuta wazo la pili. Lile la kwanza ndilo litakalokulisha kwa zaidi ya saa nzima, hivyo ni lazima liwe dogo na lenye sura inayokumbukika.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni *Victimae paschali*, sekwensia, yaani wimbo wa misa, ya Pasaka ya tangu karne ya 11. Wanaosoma sol-fa wataikuta inaanza hivi: r, d, r, f, s. Noti tano, sauti nne tofauti. Charles Tournemire, mpiga kinanda wa kanisa la Sainte-Clotilde, aliibunia muziki papo hapo mwanzoni mwa miaka ya 1930 akirekodiwa kwenye sahani za santuri. Duruflé, yule wa Saint-Étienne-du-Mont, ndiye aliyekaa na sahani hizo akaandika noti zote alizozisikia, na nakala yake ikachapishwa. Mwaka 1991 Escaich akaandika *Cinq versets sur le Victimae paschali*, beti tano juu ya wimbo uleule. Sikiliza cha Tournemire, kisha cha Escaich, ukiwa na noti tano hizo mkononi. Kwa Tournemire wimbo unapaa na kutawanyika kama ubani. Kwa Escaich unabanwa, unakatwa vipande, na kila kipande kinapewa mdundo wake.

Jaribu mwenyewe. Imba noti tano mpaka usihitaji kuziwaza. Kisha chukua tatu za mwanzo tu, r d r, uziweke kwenye mkono wa kushoto kama mdundo wa 3+3+2, na uziache zijirudie. Usiongeze kitu kwa vipimo vinane. Wengi hawafiki hapo. Kwenye kipimo cha tatu wanaona aibu ya kurudia na kuongeza akodi. Msikilizaji hajachoka bado, aliyechoka ni mpigaji. Baada ya vipimo vinane ndipo mkono wa kulia uingie na f na s, noti mbili zilizobaki, ndefu, mbalimbali. Wimbo mzima uje baadaye kwenye pedali, polepole, wakati mikono bado iko kwenye vipande.

Akodi zitoke wapi? Escaich anatoka kwenye ukoo wa kimuziki wa mtunzi Olivier Messiaen, aliyepiga kinanda kanisa la La Trinité tangu 1931 hadi alipofariki 1992, na anayetaka kuusogelea ukoo huo aanze na skeli ya noti nane inayopishana nusu-hatua na hatua nzima. Skeli hii ina nafasi tatu tu, ukiihamisha kwa nusu-hatua mara tatu unarudi ulikoanza. Ya kwanza: C, C#, Eb, E, F#, G, A, Bb. Ya pili: C#, D, E, F, G, Ab, Bb, B. Ya tatu: D, Eb, F, F#, G#, A, B, C. Sasa linganisha na wimbo wetu, ukiuweka r kwenye D: D, C, D, F, G. Nafasi ya pili ina D, F na G, lakini haina C. Ya tatu ina D, C na F, lakini haina G. Yaani noti moja ya wimbo lazima ibaki nje, na ndiyo itakayokwaruza. Usiifiche wala usiibadilishe ikubaliane na akodi. Mikono ikae kwenye nafasi ya tatu, pedali ipige wimbo bila kuuharibu, na ikifika G sikio litashtuka lenyewe. Ukihama kwenda nafasi ya pili palepale, G inapata makazi na mshtuko unafunguka. Zoezi hilo moja, likifanywa kwa mpangilio, linafundisha mengi kuliko kukariri akodi ishirini.

Kosa la kawaida hapa ni kubaki kwenye skeli hiyo dakika nzima. Kwa kuwa kila kitu ndani yake kinafanana, baada ya muda haina mahali pa kwenda, na muziki unaanza kunuka filamu ya kutisha. Ichanganye na hali ya wimbo wenyewe, yaani noti nyeupe tupu kuanzia D. Vipimo vinne vya noti nyeupe baada ya skeli ile vinasafisha hewa.

Kukuza sauti nako kuna utaratibu wake, na vinanda vya Ufaransa vya karne ya 19, vile vya Aristide Cavaillé-Coll, vilijengwa kwa ajili hiyo. Unaunganisha kibodi zote: Récit, Positif na Grand-Orgue. Stopu za msingi za futi 8 zinawekwa kotekote. Kwenye Récit, ambayo mabomba yake yamo ndani ya sanduku lenye vibao vya kufungua na kufunga, unaweka pia stopu za ndimi (mabomba yenye ulimi wa chuma unaotetemeka), sanduku likiwa limefungwa. Unaanza. Unafungua sanduku pole pole kwa mguu wa kulia. Likishafunguka lote ndipo unaongeza ndimi za Positif, kisha za Grand-Orgue, mwisho za pedali. Anayeongeza ndimi za Grand-Orgue kabla sanduku halijafunguka anakata ngazi katikati. Kinachosikika ni kishindo, na kukua kunapotea. Anayefika kwenye sauti yote dakika ya pili hana pa kwenda dakika ya tano.

Ndimi hizo ndizo zinazoleta taabu hali ya hewa inapobadilika. Bomba la kawaida hutoa sauti kwa hewa inayotikisika ndani yake, kwa hiyo joto likipanda sauti inapanda, takriban senti 3 (senti 100 ni nusu-hatua moja) kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Bomba la ulimi linashikwa na kipande cha shaba nyeupe kinachotetemeka, na hilo halisogei sana. Kanisa likitoka nyuzi 15 hadi 25, mabomba ya kawaida yamepanda senti 30 hivi, karibu theluthi moja ya nusu-hatua, na ndimi zimebaki chini. Watu husema "ndimi zimeharibika", fundi anaziingilia, na zikishasawazishwa kwa joto la siku ile zinakuwa mbovu jioni. Kwanza pima joto, kisha subiri lirudi kwenye kiwango ambacho kinanda kilisawazishwa.

Notre-Dame ilikuwa somo la aina yake. Moto wa 15 Aprili 2019 haukukiunguza kinanda kikuu chenye karibu mabomba 8,000, kibodi tano na stopu 115, lakini vumbi la madini ya risasi kutoka kwenye paa liliingia kila mahali. Mwaka 2020 kilifunguliwa kipande kwa kipande, kikasafishwa karakanani, kikarudishwa. Kusawazisha sauti kulifanywa usiku, bomba moja baada ya jingine, kwa kuwa mchana mafundi wengine walikuwa wakipiga nyundo na ni vigumu kusikia tofauti ya senti mbili katikati ya kelele. Kazi hiyo peke yake ilichukua miezi.

Jioni ya 7 Desemba 2024, kanisa lilipofunguliwa tena, Askofu Mkuu Laurent Ulrich alikiita kinanda kiamke, mara nane, na kila mara kinanda kilijibu kwa muziki uliobuniwa papo hapo, wapigaji wakipokezana. Escaich alikuwa mmoja wao. Atakayesikiliza rekodi ya tukio hilo asifuatilie uzuri wa akodi, afuatilie muda. Kila jibu lina nafasi ndogo tu kabla ya mwito unaofuata. Lazima liwe na mwanzo unaosikika, jambo moja tu katikati, na mwisho. Kati ya kinanda kilicho upande wa magharibi na madhabahu kuna umbali mkubwa. Kwenye mita 100 sauti inachelewa karibu theluthi moja ya sekunde, kisha mwangwi unabaki juu sekunde kadhaa baada ya vidole kuinuka. Mpigaji anayesubiri kusikia mwangwi uishe ndipo aamue atakachofanya amechelewa. Anayemalizia akodi ya mwisho inabidi aiachie mapema, na aiachie yote kwa pamoja, mikono na miguu. Mguu ukibaki nyuma hata kidogo, besi ya futi 16 inaning'inia peke yake na mwisho unaonekana wa bahati mbaya.

Ibada za Jumapili zina sheria ileile kila mahali. Sadaka ikikusanywa haraka, kubuni kunakatwa. Ikichelewa, kunarefushwa. Panga vipande vya vipimo vinane vinavyoweza kufungwa mwishoni mwa kila kimoja, usipange safari ndefu yenye kituo kimoja.

Kwa wasio na kinanda cha mabomba, na Afrika Mashariki hao ndio wengi, kuna njia. Programu ya kompyuta ya GrandOrgue ni ya bure, na ipo mikusanyo ya sauti zilizorekodiwa bomba kwa bomba kutoka vinanda halisi. Unahitaji kompyuta yenye kumbukumbu (RAM) ya kutosha, 8 GB kwa mkusanyo mdogo na zaidi kwa mkubwa, kibodi ya MIDI (inayounganishwa na kompyuta) ya vibonyezo 61, na spika nzuri au hedifoni. Tatizo la kwanza litakuwa kuchelewa kwa sauti. Kwenye mipangilio ya sauti weka bafa (akiba ndogo ya sauti) ya sampuli 256 kwa 48 kHz, ambayo ni kama milisekunde 5; ikikatakata panda hadi 512. Ukizidi hapo mdundo wa 3+3+2 hautakaa. Mwangwi uliomo kwenye rekodi uzime unapofanya mazoezi, uuwashe mwishoni tu. Pedali zikikosekana, gawanya kibodi: oktavu moja na nusu ya chini iwe pedali, upige besi kwa mkono wa kushoto na sehemu nyingine kwa wa kulia, kisha ubadilishe. Hutapiga *Évocation II* nzima kwa njia hiyo. Lakini beti moja moja za *Cinq versets* unaweza kuzichambua hivyo, besi na wimbo peke yake, na siku utakapopata kinanda chenye pedali utakuwa umebakiza kazi ya miguu tu.